Sekunde Tatu

Januari ile nilikuwa namba sabini na mbili
kwenye daftari la mahudhurio, Kidato cha Kwanza F,
Kinyerezi, darasa la mwisho karibu na tangi la maji.
Dawati moja, watu watatu. Mimi wa katikati,
viwiko vimebanwa kama mbawa za kuku wa kuuzwa.

Kiingereza kilipita juu ya kichwa changu
kama ndege zinazoshuka Kipawa:
unasikia mlio, unaona tumbo,
hujui nani yumo ndani wala katoka wapi.
Ukiteleza ukasema "naomba kalamu"
unavishwa kibao shingoni mpaka kengele ya saa nane.
Basi nikaacha kusema.
Wiki tatu. Nyumbani wakadhani koo linaniuma.

Aliyenitoa ni Mwalimu Kihwelo wa Jiografia,
mwenye filimbi iliyofungwa kwa kamba ya kiatu.
Hakuniuliza kitu. Alinitazama miguu,
akanitazama mikono,
akanirushia fulana ya kijani
yenye jasho la madada waliomaliza zamani,
mgongoni herufi mbili: WD.
"Vaa. Mwantumu ana malaria."

Uwanja wetu nusu mchanga, nusu kokoto,
magoli ya bomba la maji, pete moja imepinda
kama inatega sikio.
Na kanuni ya netiboli, kwa wewe usiyeijua, ni hii:
ukishika mpira huruhusiwi kwenda nao.
Simama. Una sekunde tatu.
Tafuta mtu.

Sikuwa namjua mtu.
Sekunde ya kwanza niliona vumbi.
Ya pili, mkono mwembamba umenyooka,
Bupe wa mkondo A, mtoto wa mchungaji wa Segerea.
Ya tatu nikapiga kelele, kwa sauti ya kuuzia mihogo,
"Chukua!"
na hakuna aliyenivisha kibao.

Nisikudanganye. Tulifungwa.
Tulifungwa na Chanika thelathini na moja kwa tisa,
tukafungwa na Mbagala nimesahau ngapi,
nikang'oka ukucha wa dole gumba,
raba ya kuazima ikafunguka mdomo, ikabaki inacheka.
Mama, anayekaanga mihogo pale kituoni,
akakung'uta soksi zangu, mchanga ukamwagika:
"Mchango wa madawati nimelipa, wa mlinzi nimelipa.
Nimekupeleka ukasome, si ukarukeruke."
Sikuwa na jibu. Jibu lilikuwa bado linakua
kwenye mapaja.

Maana jioni, tukirudi sita saba hivi,
tukigawana maji ya kandoro kwa zamu,
Bupe alinieleza aljebra kwa vidole:
"Hiyo x usiiogope. Ni mtu hujamjua jina tu."
Nami nikamfundisha kuruka bila kufumba macho.
Kisha siku moja darasani mkono ukapanda wenyewe,
ule ule wa kuzuia pasi,
kabla kichwa hakijawahi kuukataza,
nikajibu kwa Kiingereza kinachotembelea magongo.
Darasa likacheka.
Kicheko kikanipita kama mpira wa nje.
Nilishachekwa na uwanja mzima wa Chanika;
watu sabini na wanane ni nini?

Muhula wa pili nilikuwa bado wa arobaini.
Andika hivyo hivyo, usitie chumvi.
Ila mpishi wa uji alinijua kwa jina,
na usingizi wangu ulikuwa mzito, wa mtu aliyefanya kazi.

Jumamosi moja Mama alizidiwa na wateja,
mafuta yanachemka, chenji hakuna, jua la utosi.
"Siwema!" akaita bila kugeuka,
akarusha muhogo mzima nyuma ya bega lake.
Nikaudaka kwa mkono mmoja,
mguu umesimama pale pale,
ukaruka tena kwa mdogo wangu kwenye beseni
kabla ya sekunde ya tatu kuisha.

Mama akashusha upawa.
Akanitazama miguu,
akanitazama mikono.
"Jumatatu," akasema,
"mnacheza na nani?"